Kiazi kikuu, kizazi, na mume asiyepimwa

Hoja iliyo mbele ya baraza ni hii: kwamba kiazi kikuu, kikichemshwa au kikikaushwa na kusagwa, humfungua mwanamke akashika mimba, huishikiza mimba isitoke, na humtuliza aliyekoma hedhi. Baraza nimeliketisha Amukura, Teso Kusini, kati ya Busia na Malaba, pale ambapo mtu akisimama palipoinuka huuona mwamba wa Tororo ng'ambo. Pamenifaa kwa sababu dawa huko huvuka mpaka sawa na sukari na mitumba. Pia Alupe si mbali, na Alupe kuna kituo cha KEMRI cha utafiti wa magonjwa na kituo cha KALRO cha utafiti wa mazao. Mwenye swali kuhusu mizizi na matumbo, angalau kwa kuanzia, hana haja ya kupanda basi la Nairobi.

Wasemaji nimewatunga mwenyewe, na ndiyo maana sikuwapa majina. Kuna mkunga wa jadi, mama mzee ambaye wadogo humwita toto, kama Wateso wamwitavyo mama. Kuna sista wa zahanati. Kuna mchuuzi wa mizizi sokoni, mwalimu wa kemia, na mke kijana ambaye ndiye mwenye shida. Nimeweka pia kiti cha mume. Mtaona alikaa nani.

MCHUUZI: Nianze mimi, maana mimi ndiye ninayelaumiwa. Nanunua Tororo, wakati mwingine mzigo unatoka Mbale, nauza hapa. Mwanamke anakuja, anangoja wengine waondoke, ananiuliza polepole: mama, una kile kiazi? Simuulizi cha nini. Namfungia. Akipata mtoto anarudi na kuniletea wenzake wawili. Sasa niambieni, kama si dawa, wateja hao wanatoka wapi?

SISTA: Na asiyepata mtoto?

MCHUUZI: Huyo harudi.

SISTA: Harudi kwako, mama. Anakuja kwangu, tena baada ya miaka minne, na tumbo linauma, na hana la kunionyesha ila risiti za boda.

MKUNGA: Sista, mwanangu, usianze kwa kumvunja mwenzako. Mimi nina neno langu la kwanza na ninataka liandikwe. Mwaka 2017 wauguzi mligoma. Mlitoka Juni mkarudi Novemba. Kabla yenu madaktari walikuwa wamegoma siku mia. Kliniki zilikuwa na kufuli, lakini wanawake hawakuweza kuahirisha kuzaa. Mlango uliogongwa usiku ulikuwa wangu. Sijawahi kusikia mtu akisema asante.

Limeandikwa. Mgomo ule wa wauguzi ulidumu takriban miezi mitano, na yeyote anayesimama leo kuwahubiria wanawake wa vijijini kuhusu imani yao kwa wakunga afadhali aanzie hapo. Sista mwenyewe hakujibu, na nilimtunga hivyo makusudi, kwa sababu sioni jibu.

MKUNGA: Sasa kiazi. Mwanamke aliyekonda hashiki mimba, na akishika haimkai vizuri. Mwanamke aliyezaa amemwaga damu na hana nguvu. Mimi nampikia. Nampa uji wa wimbi, nampa kunde zenye karanga, nampa kiazi nikikipata. Viazi vikuu si vingi kwetu. Chakula cha Teso ni wimbi, mtama, muhogo na viazi vitamu. Lakini kiazi kikuu kinakaa tumboni na kinampa mtu nguvu. Hiyo ndiyo dawa yangu. Kuna uongo hapo?

SISTA: Hapana, toto. Mwili ukipungua kupita kiasi hedhi yenyewe hukatika, yai halitoki, na hakuna mimba. Chakula kinaweza kuirudisha. Hapo tuko pamoja.

MWALIMU: Tuko pamoja, lakini tupime. Gramu 100 za kiazi kikuu zina nguvu ya kutosha na potasiamu nyingi, ila madini ya chuma ni kama nusu miligramu tu. Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Akitaka kuzipata kwenye kiazi peke yake, ale kilo tano kila siku.

MCHUUZI: Mwalimu, mteja wa namna hiyo ningemkaribisha.

MWALIMU: Kidonge anachopewa bure kliniki kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki. Kimoja tu.

MKUNGA: Kidonge hicho kinawatapisha. Wengi wanakificha chini ya godoro, wakija kwenu wanasema wamemeza. Mimi ndiye ninayeliona godoro.

Ningependa wizara imsikie mama huyu. Takwimu za vidonge vilivyogawiwa ziko kwenye madaftari, lakini vilivyomezwa ni hesabu nyingine, na anayeijua ni yule anayeingia chumbani. Twende kwenye mzizi wenyewe, maana hapo ndipo baraza lilipochangamka.

MWALIMU: Kwanza tujue tunazungumzia mmea gani. Sokoni hapa ukisema yam utapewa chochote. Utapewa mayuni ya Uganda, ambayo ni nduma tu, yanayoota penye maji na kuwasha koo yasipoiva. Huo ni ukoo mwingine kabisa. Kiazi kikuu halisi ni mmea wa kupanda juu ya mti, jani lake kama moyo. Waganda wanao balugu, na Kenya unalimwa zaidi Meru, Embu na Kirinyaga. Halafu kuna vya porini vya ukoo huo huo, vichungu, ambavyo watu walivila wakati wa njaa baada ya kuviloweka siku kadhaa, kwa sababu vina sumu inayopiga mishipa ya fahamu. Na kuna kile kinachozaa viazi hewani, juu ya mti. Katika tiba ya Kichina kimetumika sana, na kimewaharibu watu ini.

SISTA: Mama mchuuzi, unga wako ni wa kipi kati ya hivyo?

MCHUUZI: Unga ni unga. Ninayenunua kwake ameniambia ni kiazi.

MKUNGA: Hapo ndipo mimi na wewe tunaachana, mwanangu. Mimi simpi mtu kitu ambacho sikukichimba au sikukiona kikichimbwa. Mzizi mzima una ganda, una harufu, unaweza kuuliza. Bibi yangu alinifundisha majani na mizizi mingi, hakunifundisha unga wa kufungwa kwenye nailoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wetu hatulipendi. Sifa kubwa ya kiazi kikuu kama dawa ya wanawake, ile inayosambaa kwenye simu na kwenye chupa za virutubisho, haikuanzia kwa bibi wa mtu yeyote wa Amukura. Imetoka Mexico, kwenye kiwanda, na haijafikisha hata miaka mia.

MWALIMU: Hadithi hiyo huwa nawafundisha kidato cha nne wakichoka na kemia. Alikuwapo Mmarekani mmoja, Russell Marker. Miaka ya 1930 na 1940 homoni ya projesteroni, ile inayoutayarisha mji wa mimba na kuishikiza mimba, ilipatikana kwa shida na ilikuwa ghali, dola 80 kwa gramu moja. Marker alikuwa amegundua jinsi ya kuitengeneza kutokana na diosijenini, kitu kilichomo katika baadhi ya viazi vikuu vya porini. Mwaka 1942 akaenda Veracruz kukitafuta kiazi kinachoitwa kichwa cha mweusi...

MKUNGA: Kinaitwa nini?

MWALIMU: Samahani, toto, ndivyo walivyokiita, cabeza de negro. Akakipata. Baadaye alitengeneza kilo tatu za projesteroni, mali ya dola 240,000 kwa bei ya wakati ule. Mwaka 1944 yeye na wenzake wawili wakaanzisha kampuni ya Syntex katika Jiji la Mexico. Marker aligombana nao akaondoka mwaka uliofuata, lakini kampuni ikaendelea, ikahamia kiazi kingine chenye diosijenini nyingi zaidi, barbasco. Tarehe 15 Oktoba 1951 mwanafunzi wa miaka 26, Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, akatengeneza norethisteroni. Hiyo ilikuwa homoni inayofanya kazi hata ikimezwa, na hadi leo imo katika vidonge vya kupanga uzazi. Mwaka 1960 Marekani ikaidhinisha kidonge cha kwanza cha kupanga uzazi.

MKUNGA: Basi mwalimu, umenisaidia. Kumbe dawa ya sista imetoka kwenye mzizi wangu. Mnaudharau kwenye chungu, mnausifu kwenye kidonge.

MWALIMU: Ungekuwa mzizi wako ningenyamaza. Kati ya chungu na kidonge kuna kazi ambayo tumbo haliwezi. Diosijenini hupikwa na anhidridi ya asetiki kwenye joto la karibu nyuzi 200, kisha huvunjwa kwa kemikali za kromiamu, na hatua nyingine baada ya hapo. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kufanya hivyo. Ukila diosijenini inaingia diosijenini, inatoka diosijenini. Tena viazi vya kula vina kidogo mno ukilinganisha na barbasco, ambayo hailiki.

MCHUUZI: Na wale waliokuwa wakiichimba huko Mexico, walilipwa ngapi?

Nilifurahi kwamba swali hilo liliulizwa na mchuuzi. Walilipwa kidogo sana, kwa kilo. Walikuwa wakulima maskini wa Oaxaca, Veracruz na majirani zao, na wengi walichimba miaka bila kujua mzizi unakwenda kufanya nini. Serikali ya Mexico iliunda kampuni ya umma, Proquivemex, mwaka 1975 ili kuidhibiti biashara hiyo, lakini kufikia wakati huo viwanda vilikuwa vimeshaanza kutafuta malighafi nyingine. Basi mtu akituuzia kopo la unga lenye picha ya kiazi na neno asili, ajue asili hiyo ina historia ya wafanyakazi wa kilo na wenye hataza.

MKE: Naomba kuuliza. Nilisoma kwenye simu kwamba Nigeria kuna mji ambao karibu kila nyumba ina mapacha, na wanasema ni kwa sababu ya kiazi. Hapa kwetu kila boma lina Opio na Odongo au Apio na Adongo, lakini si kwa wingi huo. Ni kweli?

MWALIMU: Mji upo. Unaitwa Igbo-Ora, jimbo la Oyo. Daktari Nylander alipohesabu miaka ya nyuma alikuta Wayoruba wa huko wanapata jozi za mapacha 45 hivi katika kila uzazi 1,000, kiwango cha juu kupita kawaida ya dunia. Wenyeji wanasema ni amala, ugali wa unga wa kiazi kikuu, pamoja na mchuzi wa majani ya bamia. Lakini Nigeria ndiyo inayolima karibu theluthi mbili za viazi vikuu vyote duniani. Kama ni kiazi, mbona mapacha hawajai nchi nzima kwa kiwango hicho hicho? Huenda ni damu, huenda ni mambo kadhaa pamoja. Hakuna aliyethibitisha kiazi.

MKUNGA: Hakuna aliyethibitisha kwamba si kiazi pia.

MWALIMU: Haki yako, toto. Basi nitaje majaribio mawili yaliyofanywa kwa wanawake. Australia, mwaka 2001, wanawake 23 waliokoma hedhi walipewa krimu ya kiazi mwitu kwa miezi mitatu, na miezi mingine mitatu krimu tupu, bila kujua ipi ni ipi. Joto na jasho havikutofautiana. Taiwan, mwaka 2005, wanawake 24 waliokoma hedhi waliwekwa kwenye kiazi kikuu cha kula badala ya wali, gramu 390 kwa siku kwa mwezi mzima. Wawili wakaachia njiani. Waliobaki homoni zao za kike katika damu zilipanda kiasi, karibu robo. Kundi jingine lilipewa viazi vitamu kwa siku 41, na hakuna kilichobadilika.

MKUNGA: Robo si kitu?

MWALIMU: Ni kitu. Ndiyo maana nimekitaja, ingawa kinanivurugia hoja. Ila ni wanawake wachache, hedhi imekwisha, na hakuna aliyekuwa akitafuta mimba. Ukikitoa hapo ukakileta kwa msichana wa miaka 24 wa Amukura, umeruka mto bila daraja.

Mwalimu alinipendeza hapo. Katika mijadala hii watu wa sayansi wana tabia ya kuficha tokeo lisilowafaa, na wa jadi wana tabia ya kulichukua hilo hilo moja na kulifanya bendera. Utafiti wa Taiwan ndio unaonukuliwa na wauza unga kila mahali, bila kutaja umri wa wanawake waliopimwa wala kwamba walikula kiazi chenyewe kwenye sahani. Ule wa Australia hawautaji kabisa. Na kuna kichekesho kimoja nisichotaka kipite: huko Marekani kuna walionadi kiazi mwitu kama kinga asilia ya kuzuia mimba. Mzizi mmoja, kwa wateja wanaotaka mtoto na wasiotaka, na pesa zote zinaingia.

SISTA: Nataka sasa tumsikilize huyu. Tumebishana juu ya kichwa chake kutwa.

MKE: Mimi niliolewa miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikichoma sindano ya miezi mitatu, mama mkwe hakujua. Nilitaka kumaliza kozi ya ushonaji. Nikaacha. Mwezi wa kwanza hedhi haikuja, nikafurahi, kumbe si mimba. Ikawa inakuja ovyo. Mama mkwe akasema tumbo limefungwa. Nikaletewa unga. Nimekunywa unga huo na maziwa asubuhi na jioni.

SISTA: Toto, mama, sikilizeni hapa, maana hapa ndipo sifa za unga zinapozaliwa. Sindano ya Depo haiondoki mwilini siku ya kliniki uliyoikosa. Mwanamke akiiacha, uzazi wake kwa wastani hurudi baada ya miezi tisa, kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine mwaka na zaidi. Haiharibu kizazi, inachelewesha tu. Sasa fikirini. Mwanamke ameacha sindano. Mwezi wa nne ukweni wanaanza kunong'ona. Mwezi wa tano analetewa unga. Mwezi wa kumi ameshika mimba. Nani atapata sifa?

MCHUUZI: Mimi.

SISTA: Na hata asiyewahi kuchoma sindano. Ukichukua wenzi 100 wazima wanaolala pamoja bila kinga, zaidi ya 80 watapata mimba ndani ya mwaka mmoja. Wape unga, wape maji ya mvua, wape barua kutoka kwa chifu. Utafaulu kwa zaidi ya 80. Ndiyo maana sisi hatusemi mtu ana tatizo mpaka miezi 12 ipite. Dawa yoyote ya kizazi inaanza mchezo ikiwa imeshashinda mabao manane kwa mawili.

Kama kuna msomaji atakayeondoka na jambo moja katika mjadala huu, ningependa liwe hilo. Halihitaji maabara wala kumdharau mtu yeyote. Mchuuzi si mwongo. Kila anachokiona ni kweli. Wanawake walinunua, wakashika mimba, wakarudi kushukuru. Asichokiona ni wale ambao wangeshika mimba bila yeye, ambao ni karibu wote, na wale ambao hawatashika mimba kwa unga wowote, ambao wanahesabiwa kwa miaka.

MKUNGA: Na hao wa mwisho, sista? Hao ambao miezi 12 imepita? Mnawafanyia nini, maana nawaona wakirudi kutoka kwenu wamelia.

SISTA: Nitasema ukweli, toto. Mara nyingi hatuwafanyii vya kutosha. Lakini tunajua pa kuangalia. WHO ilifanya uchunguzi wa wenzi wasiozaa katika nchi nyingi, ukachapishwa mwaka 1985, na ulionyesha kwamba huku Afrika mirija iliyoziba ni sababu kubwa kuliko sehemu nyingine zilizochunguzwa. Inazibwa na kisonono, na klamidia, na maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika, yasiyotibiwa mapema. Klamidia mara nyingi haimuumi mwanamke. Inakaa kimya inatengeneza kovu. Ikigunduliwa mapema ni vidonge vya siku chache. Ikiachwa miaka mitatu mtu akinywa unga, vidonge hivyo bado vitaua wadudu, lakini kovu haliondoki.

MKUNGA: Hilo la kovu hukuwahi kuniambia.

SISTA: Hukuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kuja kwako.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi na kuzungumzia mgonjwa kupelekwa kutoka kwa mganga hadi hospitali. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini rufaa ya kweli ni watu wawili wanaojuana. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaotembea na mikoba nyumba kwa nyumba, na wengi wao ni majirani wa wakunga hawa, pengine binti zao. Sijaelewa kwa nini mtu ahitaji semina ya hoteli ili wawili hao wazungumze.

MKE: Sista, mimi nikipimwa mirija itakuwa kiasi gani? Mama mkwe hatatoa pesa ya hospitali. Ya unga anatoa.

SISTA: Kabla ya mirija yako kuna kipimo kingine, rahisi zaidi, na si chako.

Hapo mchuuzi alicheka na mwalimu akatazama chini. Kiti cha mume kimekuwa wazi tangu mwanzo wa baraza hili, na siyo kwa bahati. Nilijaribu kumtungia maneno, nikashindwa kupata hata sentensi moja ambayo wanaume wa kwetu huisema hadharani juu ya jambo hili. Dawa za mwanamume zipo sokoni tele: ukifika Kakamega au Busia utauziwa mukombero, mzizi wa kutafuna, na muuzaji atakukonyeza. Lakini huo ni wa nguvu za kitandani. Hakuna anayemuuzia mwanamume dawa ya kutozaa, kwa sababu hakuna anayekubali kwamba mwanamume anaweza kutozaa. Wenye kushughulika na utasa hukuta kwamba karibu nusu ya wenzi wenye shida, mume ana sehemu yake au ndiye mwenyewe hasa. Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inakadiria kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani hupitia utasa wakati fulani wa maisha yake. Sasa tazama mzigo ulivyogawanywa Amukura: unga ni wa mke, uchungu ni wa mke, miiko ya ukoo, ile Wateso waiitayo etale, inamfuata mke. Ubaya mkubwa wa kiazi kikuu, kwa maoni yangu, hauko kwenye sumu wala kwenye bei. Ubaya wake ni kwamba kinaithibitisha hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: anayekunywa dawa ndiye mgonjwa.

MKUNGA: Mume wako anafanya kazi gani?

MKE: Utingo, toto. Trela za Mombasa kwenda Kampala. Anakaa Malaba akingoja karatasi, siku mbili, siku nne. Halafu anavuka.

MKUNGA: Basi. Sista, endelea, mimi nimeshaelewa. Njia hiyo naijua. Nimepokea watoto wa njia hiyo.

SISTA: Sitamshtaki mtu ambaye hayupo. Nasema wapimwe wote wawili kwa magonjwa ya zinaa na watibiwe pamoja, la sivyo mmoja anamrudishia mwenzake. Halafu shahawa zake zitazamwe kwenye hadubini. Hachomwi sindano wala hapasuliwi. Ajizuie siku mbili hadi saba, atoe kwenye chupa safi, si kwenye mpira wa kondomu maana ile ya kawaida huua mbegu, na ifike maabara ndani ya saa moja.

MKE: Saa moja kutoka Malaba, foleni ikiwa imejaa?

SISTA: Atolee hapo hapo hospitali. Kuna chumba.

MCHUUZI: Mwanamume wa Teso aingie chumba cha hospitali na chupa!

MWALIMU: Wa Teso, wa Bukhayo, wa Kampala, wote ni sawa. Mimi mwenyewe ningeona haya.

MKE: Na unga, niuache?

SISTA: Unga uache leo. Hatujui ni nini.

MKUNGA: Kiazi kizima nitampikia, usinikataze.

SISTA: Cha kupanda shambani, kikiiva vizuri, mpikie. Mimi mwenyewe nitakuja kula. Mama mchuuzi, na wewe uza kiazi, usiuze mimba.

MCHUUZI: Kiazi tupu nitauza shilingi ngapi? Unga unanilipia karo.

Hakuna aliyemjibu, na ni swali la haki. Unga una faida kuliko mzizi, na mwenye duka la dawa mjini naye anauza makopo yenye majani yaliyochorwa kwa bei mara kumi, akiwa na leseni ukutani. Kama tutamwambia mama wa sokoni aache, tuanzie kwenye kopo la mjini.

MKE: Sista, maneno yote nimeyaelewa. Lakini mimi sitaweza kumwambia. Nikimwambia akapimwe atasema nimemtukana, na mama yake atasema mimi ndiye nimeleta ugonjwa.

SISTA: Naweza kumwandikia barua aje kliniki.

MKUNGA: Barua ataifanyia nini? Ataiweka kwenye dashibodi ya trela ifike nayo Kampala. Anarudi lini?

MKE: Ijumaa, toto.

MKUNGA: Huyo mume wako nilimpokea mimi, mwaka wa mvua nyingi, alitoka miguu kwanza. Mama yake anajua kwamba wote wawili wangekufa. Ijumaa jioni nitakuja kwenu. Nitakaa na mama mkwe kwanza, kisha nitamwita kijana. Wewe, sista, niandikie kwenye karatasi zile siku mbili hadi saba, nisikosee, na uniambie maabara hiyo inafunguliwa saa ngapi Jumatatu.